Jibu la Pili

Katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, mjini London, kimewekwa kibao cha udongo kilichoandikwa katika nchi ya Babeli zaidi ya miaka 3,600 iliyopita. Aliyekiandika hakutuachia jina lake. Alituachia maswali 24 ya hesabu pamoja na njia ya kulijibu kila moja, yote yakiwa yamechorwa kwa ncha ya tete juu ya udongo mbichi. Kisha udongo ukakauka, ukadumu kuliko falme nyingi zilizojiona hazitakwisha. Swali la kwanza lahusu mraba ambao eneo lake likijumlishwa na upande wake hupatikana robo tatu. Mwanafunzi atakiwa aseme upande huo una urefu gani.

Mwalimu wa Babeli hakuijua herufi x wala alama ya kujumlisha, lakini njia yake ni safi kabisa. Mtu hutwaa moja na kuigawa katikati, akapata nusu. Nusu huizidisha kwa nusu, akapata robo. Robo hiyo huiongeza juu ya robo tatu, ikawa moja kamili. Kipeuo cha pili cha moja ni moja. Katika moja hiyo huondoa ile nusu aliyoizidisha hapo kwanza, ikabaki nusu. Basi upande wa mraba ni nusu. Jaribu mwenyewe: nusu mara nusu ni robo, na robo ukiiongezea nusu ni robo tatu. Hesabu imekwisha.

Imekwisha kwake; lakini wewe, msomaji, uliyefundishwa kuandika x² + x = 3/4, wajua kwamba mlinganyo huu una majibu mawili. La kwanza ni nusu. La pili ni hasi moja na nusu, yaani −3/2. Nalo ukilijaribu litakubali, maana −3/2 likizidishwa kwa lenyewe ni 9/4, ukiondoa 3/2 itabaki robo tatu. Mwalimu wa Babeli hakulitaja. Kwa nini alitaje? Aliulizwa upande wa mraba, na hakuna fundi aliyepata kukata ubao wenye urefu wa hasi moja na nusu.

Sasa badili neno moja tu katika swali lile. Usiseme upande wa mraba, sema sini ya pembe. Kipeo cha pili cha sini ya pembe fulani kikijumlishwa na sini yenyewe hupatikana robo tatu. Pembe hiyo ni ipi? Swali hili halipatikani katika kibao chochote cha Babeli, lakini lapatikana, kwa sura hii au nyingine, katika kila kitabu cha hesabu cha shule ya sekondari. Mwalimu wako atakuambia uiite sini herufi moja, tuseme s, uutatue mlinganyo wa s kama ulivyofundishwa kutatua milinganyo yote yenye kipeo cha pili, kisha urudi kwenye pembe. Nusu ni sini ya digrii 30. Lakini ile hasi moja na nusu, tuifanyeje? Tuitupe kama alivyoitupa yule wa Babeli? Na tukiitupa, tuwe na sababu gani, maana safari hii hatuzungumzii ubao wala mraba?

Katika insha hii nataka kukusimulia habari za jibu la pili. Wanafunzi wengi huliona kuwa ni usumbufu wa kumalizia hesabu, jambo la kuandika kwa haraka ili kumridhisha msahihishaji. Lakini watu wenye akili kubwa waliishi nalo kwa karne nyingi bila ya kulikubali, na baadhi yao walilitupa huku wakiwa wanalihitaji.

Tuanze na mji wa Baghdad. Katika zama za Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala kutoka mwaka 813 hadi 833, aliishi huko Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, naye alitunga kitabu juu ya hesabu za al-jabr na al-muqabala. Kutokana na neno la kwanza tumepata jina la aljebra. Kwa Kiarabu maana yake ni kuunga kilichovunjika, kama mganga aungavyo mfupa. Katika hesabu ni kukihamisha kilichopunguzwa upande mmoja wa mlinganyo, kikaongezwa upande wa pili ili mlinganyo uwe mzima. Neno la pili hatukuhitaji kuazima upya, kwa kuwa tunalo tayari katika lugha yetu: mkabala, kitu kuelekea kitu, upande kuelekea upande.

Mfano wake maarufu ni huu: kipeo cha pili cha kitu, na mara kumi ya kitu hicho, jumla yake 39. Al-Khwarizmi alichora mraba wa kitu kile asichokijua. Kila upande wa mraba aliubandika mstatili wenye upana wa mbili na nusu, maana kumi ikigawanywa kwa pande nne ndiyo mbili na nusu. Jumla ya eneo la umbo lote ikawa 39. Lakini umbo lenyewe lilikuwa na mapengo manne kwenye pembe zake, kama kitambaa kilichokatwa ncha, na kila pengo lilikuwa mraba mdogo wenye eneo la sita na robo. Alipoyaziba mapengo hayo aliongeza 25, akapata mraba kamili wenye eneo la 64, ambao upande wake ni nane. Akaondoa mbili na nusu huku na mbili na nusu huku, yaani tano, kikabaki kitu chake: tatu. Ukiichora picha hiyo mara moja kwa mkono wako mwenyewe, hutahitaji tena kuikariri kanuni.

Jibu la pili la mlinganyo huu ni hasi 13, na al-Khwarizmi hakulitaja. Picha yake haina mahali pa kuliweka. Alikuwa mkali juu ya jambo hilo hata akaigawa milinganyo yake katika aina sita, kila aina na kanuni yake, ili pasiwe na namba hasi popote. Sisi leo tunatumia kanuni moja tu. Ila palipokuwa na majibu mawili yaliyo chanya, aliyataja yote mawili.

Huko Bara Hindi, Brahmagupta alikwisha andika mwaka 628 kanuni za kujumlisha na kuzidisha namba hasi, akiziita deni, na namba chanya akiziita mali. Hata hivyo, kulijua deni si kulipenda. Bhaskara, aliyeishi katika karne ya 12, alitoa fumbo la kundi la nyani. Sehemu ya tano ya kundi, kwa kupungua nyani watatu, ikizidishwa kwa yenyewe, ni idadi ya walioingia pangoni; mmoja tu ndiye aliyeonekana, amepanda juu ya tawi. Jumla yao ni wangapi? Majibu ni 50 na 5, yote chanya. Lakini Bhaskara alikubali 50 tu. Sehemu ya tano ya nyani watano ni nyani mmoja, na mmoja ukimpunguza watatu wapata hasi mbili. Ni kweli kwamba hasi mbili mara hasi mbili ni nne, na nne na yule wa juu ya tawi ni watano, hesabu ikakaa sawa. Tatizo ni kwamba hakuna anayeweza kuwaona hao nyani hasi wawili. Hapa naona Bhaskara alifanya jambo ambalo wengi hawalifanyi hata leo: baada ya kumaliza hesabu aligeuka akawatazama nyani.

Hiyo ndiyo habari ya mlinganyo. Habari ya sini ilipita njia nyingine, nayo yaanzia kwenye uta.

Chora duara, kisha chora mstari ulionyoka kutoka nukta moja ya mzingo hadi nyingine. Sehemu ya mzingo iliyokatwa yafanana na uta uliopindwa, na mstari ule ni upote wake. Wanafalaki walihitaji kujua urefu wa upote kwa kila pembe, kwa sababu nyota hazipimwi kwa kamba. Hupimwa kwa pembe, na mengine yote hupatikana kwa hesabu. Ptolemy wa Iskanderia, yapata mwaka 150 B.K., alitengeneza jedwali la pote zote kutoka nusu digrii hadi digrii 180, akipanda kwa nusu digrii kila mara, katika duara lenye nusukipenyo cha 60. Wahindi waliona kuwa yafaa zaidi kutumia nusu ya upote. Aryabhata, katika kitabu chake cha mwaka 499, alitoa jedwali lenye hatua 24 za nusu-pote katika duara ambalo nusukipenyo chake ni 3,438. Namba hiyo haikuokotwa njiani: duara lina dakika 21,600 za pembe, na mzingo wa 21,600 huzaa nusukipenyo kinachokaribia sana 3,438.

Nusu-upote huo Wahindi waliuita jya, au jiva, yaani upote wa uta. Waarabu walilichukua neno kwa sauti yake, wakaliandika kwa konsonanti peke yake kama ilivyo desturi ya maandishi yao. Waliokuja baadaye walilisoma jayb, neno la Kiarabu lenye maana ya uwazi wa vazi kifuani. Katika karne ya 12 wafasiri wa Ulaya walilitia katika Kilatini kwa neno sinus, mkunjo wa nguo. Kwa hiyo kila mwanafunzi anapotamka sini, hutamka upote wa Kihindi uliopotea njiani ukavishwa kanzu ya Kiarabu.

Jina lilipotea, kitu chenyewe hakikupotea. Sini ni nusu ya upote, na upote hauwezi kuwa mrefu kuliko kipenyo cha duara. Kwa hiyo nusu yake haiwezi kuwa ndefu kuliko nusukipenyo. Weka jambo hili akilini, kwa maana tutalihitaji.

Sasa njia hizi mbili zakutana. Ili kuanza jedwali lake, Ptolemy alihitaji upote wa digrii 36, ambao ndio upande wa umbo la pande kumi lililochorwa ndani ya duara. Aliupata kwa jiometria ya Euklidi, kwa kuchora mistari, lakini ukiyaandika maneno yake kwa alama za leo utapata s² + 60s = 3,600. Tumia njia ya kibao cha Babeli: nusu ya 60 ni 30, 30 mara 30 ni 900, ongeza 3,600, ni 4,500, kipeuo chake cha pili ni karibu 67.08, ondoa 30, yabaki 37.08. Ptolemy aliandika 37 na sehemu nne za sitini na sehemu 55 za 3,600, nayo ndiyo hiyo hiyo. Hata kuhesabu kwa sitini alirithi kutoka Babeli.

Na jibu la pili? Ni hasi 97.08. Ptolemy hakulitazama, kwani hakuna upote ulio hasi. Lakini, msomaji, lifungue jedwali lake kwenye digrii 108 uone upote wake ni kiasi gani: ni 97.08. Namba aliyoiacha mlangoni ilikuwa imeketi ndani ya nyumba yake mwenyewe. Aliupata upote huo kwa njia nyingine, kutoka upote wa digrii 72, na hapakuwa na sababu ya yeye kushuku kwamba pote hizo mbili ni ndugu, waliozaliwa na mlinganyo mmoja. Mimi naliona jambo hili kuwa la kustaajabisha kuliko hesabu nyingi zilizo ngumu kuliko hii.

Kwa vipeuo vya pili peke yake Ptolemy aliweza kushuka kutoka digrii 72 na 60 hadi 12, kisha 6, kisha 3, kisha moja na nusu, kisha robo tatu ya digrii. Digrii moja kamili haikupatikana. Alilazimika kuikadiria kati ya robo tatu na moja na nusu. Zaidi ya miaka elfu baadaye, mjini Samarkand, al-Kashi, aliyefariki mwaka 1429, aliikabili digrii moja kwa mlinganyo wa kipeo cha tatu, kwa sababu sini ya digrii tatu yaweza kuandikwa kwa sini ya digrii moja na kipeo chake cha tatu. Aliirudia hesabu yake mara kwa mara, kila mara akikaribia zaidi, hata akapata jibu lililo sahihi kwa zaidi ya desimali 15. Kwa milinganyo ya kipeo cha pili pasingalikuwa na njia. Jambo hilo lilithibitishwa na Mfaransa Wantzel mwaka 1837.

Mpaka hapa mlinganyo ulikuwa mtumishi wa sini. Mwaka 1593 mambo yaligeuka. Adriaan van Roomen, mzaliwa wa Leuven, mji ulio katika nchi ya Ubelgiji ya leo, alichapisha changamoto kwa wanahisabati wote wa dunia. Ulikuwa mlinganyo wa kipeo cha 45. Ulianza kwa 45x, ukafuata 3,795 ya kipeo cha tatu cha x iliyopunguzwa, na kuendelea hivyo kwa vipeo visivyogawanyika kwa mbili hadi cha 45. Na upande wa pili paliwekwa vipeuo vya pili ndani ya vipeuo vya pili, mfano wa makuti yaliyosukwa. Inasimuliwa kwamba balozi wa Uholanzi alimwambia Mfalme Henri wa Nne wa Ufaransa kuwa katika nchi yake hapana hata mtu mmoja wa kulijibu swali hilo. Mfalme akamwita François Viète, mwanasheria na mshauri wake, ambaye hesabu ilikuwa shughuli yake ya saa za mapumziko. Viète alilisoma, na palepale akatoa jibu la kwanza. Siku ya pili akaleta mengine, yakawa yote 23.

Hakuwa mchawi. Aliona kwamba upande wa kushoto wa mlinganyo si jambo jingine ila sini ya mara 45 ya pembe fulani, ikiwa imezidishwa kwa mbili, na x ni sini ya pembe yenyewe ikiwa imezidishwa kwa mbili. Vile vipeuo vilivyosukwa upande wa pili ni mara mbili ya sini ya digrii 12. Basi mara 45 ya pembe ni digrii 12, na pembe ni dakika 16. Jibu lile la kwanza halikuhitaji zaidi ya hapo. Mengine yalikuja kwa sababu mtu akizunguka duara zima hurudi alipokuwa: digrii 12 na digrii 372 zina sini moja, na 372 ikigawanywa kwa 45 hutoa pembe nyingine, iliyozidi ya kwanza kwa digrii nane. Ukiongeza nane tena na tena utapata pembe 45 kabla ya kurudi ulikoanzia. Pembe 23 kati ya hizo ziko chini ya digrii 180, na sini zake ni chanya. Nyingine 22 zimevuka, na sini zake ni hasi.

Viète aliyakubali 23, akayaacha 22. Fikiri, ndugu msomaji: mtu aliyeona ndani ya mlinganyo wa kipeo cha 45 kile ambacho hakuna mwingine aliyekiona, yeye mwenyewe aliyewafundisha Wazungu kutumia herufi badala ya namba, alisimama kwenye mlango ule ule aliosimama yule mwalimu wa udongo wa Babeli. Alijua duara. Alijua kwamba mwendo waendelea baada ya digrii 180. Lakini jibu lilikuwa mstari, na mstari hauna deni.

Mlango ulifunguliwa na Albert Girard mwaka 1629, alipoandika kwamba mlinganyo una majibu mengi kadiri ya kipeo chake kilicho kikubwa, na kwamba yaliyo hasi yahesabiwe pamoja na mengine. Na Euler, katika kitabu chake cha mwaka 1748, aliiondoa sini katika hali ya mstari wenye nusukipenyo cha 60 au cha 3,438. Aliweka nusukipenyo kuwa moja, na sini ikawa namba tu, ambayo kwa pembe moja ni chanya na kwa nyingine ni hasi, ikipanda na kushuka kati ya moja na hasi moja bila kikomo.

Sasa turudi kwa swali letu. Kipeo cha pili cha sini na sini yenyewe, jumla yake robo tatu. Nusu ni jibu halali, nalo halitoi pembe moja bali mbili, digrii 30 na digrii 150, na nyingine zisizo na mwisho kwa kila mzunguko wa digrii 360. Hasi moja na nusu tunaitupa, lakini si kwa sababu ya yule wa Babeli. Yeye aliitupa kwa kuwa ni hasi. Sisi hatuna ugomvi na hasi. Kama lingekuwa hasi nusu tungelipokea kwa mikono miwili na kuandika digrii 210 na 330. Tunaitupa kwa kuwa imepita hasi moja, na hakuna nusu-upote uliozidi nusukipenyo chake. Mwanafunzi anayeandika kwamba jibu halifai kwa sababu ni hasi amepata jibu sahihi kwa bahati, na swali la kesho litamwumbua.

Hili hapa ndilo swali la kesho. Sini ya mara mbili ya pembe ni sawa na kosini ya mara tatu ya pembe ile ile: sin 2x = cos 3x. Pembe ni zipi, kati ya 0 na 360? Ukitumia kanuni ulizofundishwa, kushoto utapata 2 sin x cos x, na kulia 4 cos³ x − 3 cos x. Pande zote mbili zina cos x, na hapo mkono wa mwanafunzi huwasha kutaka kuigawanya iondoke. Ngoja kwanza. Kugawanya kwa kitu ambacho huenda kikawa sifuri ni kukitupa bila kukisikiliza. Kosini ni sifuri kwa digrii 90 na 270. Jaribu zote mbili katika swali, utaona zinakubali. Ziandike pembeni, ndipo ugawanye. Itabaki 2 sin x = 4 cos² x − 3. Kosini iliyo katika kipeo cha pili yageuzwa kuwa sini, kwa kuwa jumla ya vipeo vyao vya pili ni moja, na mlinganyo unakuwa 4s² + 2s − 1 = 0. Majibu yake ni mawili: karibu 0.309, na karibu −0.809.

La kwanza ni sini ya digrii 18 na ya digrii 162. Na 18 ni nusu ya 36: tumekutana tena na upande wa umbo la pande kumi la Ptolemy. La pili ni hasi, lakini halijapita hasi moja, basi ni halali. Ni sini ya digrii 234 na ya digrii 306. Kwa ishara yake ndilo nusu ya upote wa digrii 108, yule ndugu aliyeachwa mlangoni. Majibu yote ni sita. Aliyegawanya kwa haraka atapata manne, na aliyetupa hasi kwa mazoea atapata mawili, kisha atashangaa alama zake zimekwenda wapi.

Lakini isije ikadhaniwa kwamba haya ni mambo ya kalamu na karatasi tu. Galileo, katika kitabu chake kilichopigwa chapa mjini Leiden mwaka 1638, alieleza kwamba kitu kinachorushwa kwa pembe iliyozidi digrii 45 kwa kiasi fulani, na kingine kinachorushwa kwa pembe iliyopungua 45 kwa kiasi hicho hicho, huanguka mahali pamoja, kasi ikiwa ni moja. Tuliweke jambo hilo katika mlinganyo. Chukua jiwe linalotoka mkononi kwa kasi ya mita 20 kwa sekunde, uache kuhesabu upepo na uzito wa hewa, na uvutano wa ardhi uwe mita 10 kwa sekunde kwa kila sekunde. Tanjenti ya pembe ya kurushia tuiite t. Jiwe likishafika umbali wa mita d, kimo chake juu ya mkono ni dt − d²(1 + t²)/80.

Unataka jiwe lianguke umbali wa mita 20, usawa wa mkono wako. Weka 20 mahali pa d, na kimo kiwe sifuri. Utapata 20t − 5(1 + t²) = 0, ambao ukiupanga ni t² − 4t + 1 = 0. Majibu ni 2 kuongeza kipeuo cha pili cha 3, na 2 kuondoa kipeuo cha pili cha 3. Nazo ni tanjenti za digrii 75 na digrii 15. Hapa hapana la kutupa. Kwa digrii 15 jiwe linapita chini, linafika upesi. Kwa digrii 75 linapanda juu sana, kana kwamba limesahau safari, kisha linashuka pale pale. Kama kuna ukuta mrefu katikati ya njia, jibu la pili ndilo pekee litakalokusaidia.

Sogeza shabaha hadi mita 40. Mlinganyo ni t² − 2t + 1 = 0, na majibu mawili yamekutana yakawa moja: t ni 1, pembe ni digrii 45, na jiwe limefika mwisho wa uwezo wake. Isogeze tena hadi mita 50. Sasa ni t² − 1.6t + 1 = 0. Fanya kama alivyofanya yule wa Babeli: nusu ya 1.6 ni 0.8; 0.8 mara 0.8 ni 0.64, ondoa 1, yabaki hasi 0.36, na hakuna namba katika msitari wa namba zetu ambayo ikizidishwa kwa yenyewe hutoa hasi. Hapana jibu la kwanza wala la pili. Rusha kwa pembe yoyote upendayo. Jiwe litaanguka kabla ya kufika.